Karibu ya Watu wa Mashua

Mgeni siku mbili. Siku ya tatu yeye ndiye akupaye jembe. Najua waliotunga methali hiyo waliisema kinyume, lakini wao hawakumpokea Mchungaji Tia Kafi. Alikaa kwetu siku sita, na jembe alilonipa siku ya tatu ndilo ninalolimia mpaka leo, mwaka wa thelathini na tano huu.

Alifika Jumatano ya Juma Takatifu, saa ambayo hakuna mwenye akili anayemtembelea mtu wa Nazlat Barsum. Mama alikuwa amewasha tanuri kwa ajili ya kahk, biskuti zetu za sikukuu. Uani walijaa shangazi na majirani, mikono imeingia samli mpaka viwikoni, kila mmoja akimsahihisha mwenzake namna ya kukanda. Harufu ile ya unga na samli inayochomeka bado hunirudia nikiwa safarini, katika nchi ambazo hawajui hata ufuta unakaangwaje, na hunifanya nitafute mahali pa kukaa.

Mlango ukagongwa. Nikafungua na unga puani. Mbele yangu alisimama mtu mrefu, mweusi kuliko weusi wetu sisi wa Saidi, kusini mwa Misri, amevaa koti la kijivu lililonyoshwa vizuri ingawa lilikuwa limesafiri siku nne: garimoshi, meli ya Wadi Halfa, garimoshi tena. Begani alibeba gunia dogo la maua makavu, mekundu, ya karkade.

"Hapa ndipo kwa Mzee Labib?"

"Ndipo."

"Mwambie Tia wa Omdurman amefika. Aliniita."

Mama alisikia kutoka tanurini. "Nani kaitwa? Kaitwa na nani?"

Baba akatokea na sabuni ya kunyolea shavu moja, shavu la pili tayari safi. Alimwona mgeni akaganda pale kama mtu aliyeitwa jina lake mahakamani. Kisha mikono ikafunguka yenyewe, akamkumbatia, sabuni yote ikaishia kwenye koti la kijivu.

"Mchungaji Tia! Umetuletea nuru! Nyumba ni yako!"

Mama alininong'oneza, "Baba yako na mdomo wake. Siku moja ataugawa mji mzima."

Miezi mitano kabla ya hapo, Baba na wazee wenzake wawili wa kanisa walikuwa wamekwenda Omdurman kutembelea makanisa ya watu wa milima ya Nuba waliohamia pembezoni mwa mji. Walikwenda na makasha ya vitabu, chaki na masomo kumi na mawili. Walifundisha siku kumi, wakapiga picha, wakarudi. Siku ya kuagana Baba alisimama mbele ya kanisa lile la mikeka, akamshika mchungaji wao mkono, akasema, "Njoo Pasaka utuhubirie. Mimbari yetu ni yako."

Sasa, kwetu sisi watu wa mto, maneno ya namna hiyo yana jina. Watu wa mashua wakiwa katikati ya maji, sufuria imeiva, huwapigia kelele walio ukingoni: "Karibuni tule!" Mashua haisimami, na wa ukingoni hawaogelei. Wao huitikia, "Mungu awazidishie," na kila mtu hubaki na heshima yake. Hiyo ndiyo karibu ya watu wa mashua. Mtoto wa kwetu huijua kabla ya kujua kusoma.

Tia hakuijua. Alivua viatu, akaogelea.

Mchana ule niliwasikia wazazi wangu nyuma ya tanuri.

"Mwanamume, ulimwita au hukumwita?"

"Nilisema karibu."

"Karibu gani?"

"Mama watoto, karibu ni karibu!"

"Ala! Basi mwambie Mzee Bushra akupe mimbari, kama karibu ni karibu."

Na mhubiri wa Pasaka alikuwa ameshapangwa tangu Januari: Mchungaji Daktari Zarif wa Asyut, mwenye sauti ya kengele na suti tatu, ambaye vijiji vilimgombania kama maji ya zamu.

Alhamisi Baba alikwenda kwenye baraza la wazee. Alirudi na uso uliopungua. Mzee Bushra, katibu wa baraza, mtu aliyezaliwa na kalamu sikioni, alikuwa ameamua kwa niaba ya wote. "Huyo Msudani ni tunda letu, Labib. Babu zetu ndio waliopeleka Injili kule. Umeona wapi tunda likapanda mtini kuupogoa mti? Mpe dakika mbili za salamu." Ikapita hivyo. Kazi ya kumwambia mgeni aliachiwa Baba.

Maskini Baba. Siku nzima alimzungukia Tia kama nzi wa asali. Alikaa mbele yake, akakohoa, akafungua mdomo, na kila mara kilichotoka kilikuwa, "Chai?" Mpaka jioni mgeni wa watu alikuwa amekunywa vikombe kumi na vitatu, na bado hajui lolote. Mwenyewe alikuwa amekaa kivulini na daftari lake la jalada jekundu, akipitia mahubiri yake kwa midomo tu, bila sauti.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye diploma ya biashara. Nilikuwa nangoja barua ya serikali ya kupangiwa kazi, kama nusu ya nchi. Mwaka wa tatu wa kungoja, niliacha kusali. Sikugombana na Mungu. Nilimwacha kama mtu anavyoacha kwenda dukani ambako kila siku anaambiwa bidhaa haijafika. Kanisani nilikwenda kwa sababu ya mashine ya chapa. Ni mimi peke yangu kijijini niliyejua kuandika kwa vidole kumi, kwa hiyo ratiba zote za ibada zilipita mikononi mwangu: nilizichapa kwenye karatasi ya nta, nikazirudufu, mikono ikabaki na wino mpaka Jumanne.

Ijumaa, baada ya ibada ndefu ya Mateso, nilikaa katika chumba cha vitabu cha kanisa nikiwa na rasimu ya Pasaka iliyoandikwa na Mzee Bushra. Mstari wa saba ulisema: *Mahubiri: Mch. Dkt. Zarif.* Wa tatu: *Salamu: mgeni kutoka Sudani (dakika mbili).* Hata jina hakupewa.

Tia akaingia, akainama kuukwepa mlango. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mpaka ikalainika kama kitambaa.

"Binti yangu, samahani. Kuna mambo watu wangu walinituma niyaulize, na kila nikimkaribia Mzee Labib ananipa chai."

Nikacheka. "Uliza tu, mchungaji."

"Paa la kanisa. Limeacha kuvuja?"

Nilitazama juu. Paa letu lilikuwa la zege, nene kama ukaidi wa Mzee Bushra. "Paa lipi?"

"Hili. Mzee Labib alituambia: sisi ni maskini kuliko ninyi, paa letu linavuja, vijana wetu wamepoa, tuombeeni."

"Aa, mchungaji!" nikasema. "Ile ni adabu tu. Kwetu mtu hasifii kwake mbele ya mwenyeji wake. Ukiwa na ng'ombe kumi unasema una mbuzi mgonjwa."

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi polepole, kama anayeangalia kama nalo ni la adabu.

"Tumefunga kila Jumatano tangu Krismasi kwa ajili ya paa hili," akasema.

 Kwetu Jumatano pia watu walifunga, wale Waorthodoksi jirani zetu, lakini wao walikuwa na dengu, maharage na tahini vya kujifariji. Nikakumbuka picha alizoleta Baba kutoka Omdurman: watoto wa kanisa lile, vifundo vya magoti vikubwa kuliko mapaja.

Akaifungua karatasi. "Na Insaf? Naye ni adabu?"

"Insaf yupi?"

Akasoma akifuata kwa kidole: "Insaf binti Labib. Amesoma mpaka diploma. Anangoja barua. Moyo wake umepoa, hasali tena."

Basi Baba alikuwa amejua. Muda wote ule nilipoinamisha kichwa mezani wakati wa sala na kuhesabu punje za wali, alikuwa ananitazama. Na kwa kuwa hakuweza kuniambia mimi, akaenda kuwaambia watu mia mbili nisiowajua, ng'ambo ya jangwa. Katika orodha yake yote ya uongo wa heshima, neno la kweli lilikuwa moja, na lilikuwa mimi.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe?" Uso wake uliwaka kama aliyekutana na ndugu yake sokoni. "Wewe ndiye Insaf! Jamani! Wanawake wetu wote wanakujua. Kuna mama mmoja, Mama Nalu, anauza chai kituoni. Kila alfajiri akiwasha moto wake wa kwanza hulitaja jina lako: Ee Mungu, na yule wa Misri naye, mwashe. Amenipa swali nikuletee. Anauliza: akishawaka, atakuja kukaa nasi?"

"Kufundisha nini? Mimi najua kuchapa tu."

"Sikusema kufundisha. Nimesema kukaa. Wageni wetu wote huja na chaki, binti yangu. Wanakuja wazuri, wanaandika ubaoni, wanaondoka. Baba yako ni mtu mwema, lakini siku kumi zote hakuna siku aliyoniuliza mimi nahubiri nini. Nina wachungaji wenzangu kumi na mmoja kule, hakuna aliyewahi kuulizwa. Tunamtaka mtu mmoja atakayekaa mpaka atusikie, halafu aje kuwaambia hawa wa huku tulichosema. Na akitoka huku, asituletee ahadi ambayo hakuikagua kwanza. Kazi hiyo haina mtu. Mama Nalu anasema ina mtu, ila amepoa."

Watu huniuliza wito ulinijiaje, wakitarajia ndoto na mbawa. Ulikuja na mtu aliyechoka, mwenye alama ya sabuni begani, akinisomea jina langu kutoka kwenye karatasi. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa kama mtu anayevuta kamba ya kisima akagundua kwamba ndoo safari hii haikupanda tupu.

"Na Pasaka utahubiri nini?" nikauliza.

Akanionyesha daftari. "Hili si langu. Kila mtu wa kanisa letu alitoa sentensi moja. Wasioandika walisema, nikaandika mimi. Nikirudi watauliza: ulizisoma zote?"

Dakika mbili. Sentensi mia mbili.

Alipotoka, niliichana rasimu ya Mzee Bushra, nikaweka karatasi mpya ya nta kwenye mashine. Nilichapa bila haraka, kila herufi mahali pake. *Mahubiri: Mch. Tia Kafi, wa Omdurman, kwa mwaliko wa Mzee Labib na kanisa hili.* Sikumwambia mtu. Nilirudufu nakala mia tatu, nikala maharage yangu, nikalala. Kabla ya kulala nilisali, kwa ufupi, kama anayeonja maji kwa kidole cha mguu.

Asubuhi ya Pasaka ratiba ziligawiwa mlangoni. Kanisa lilijaa kanzu mpya na manukato ya bei rahisi, watoto wakivuja makombo ya kahk. Nilikaa upande wa wanawake karibu na Mama na kusikiliza karatasi zinavyofunguliwa. Mnong'ono ulianza nyuma, ukatembea benchi kwa benchi mpaka ukamfikia Mzee Bushra mbele. Shingo yake iligeuka rangi ya karkade.

Wimbo ulipoisha, yeye na Baba na wazee wote walimtazama Daktari Zarif. Naye alikuwa ameisoma. Alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, mtoto wa Saidi halisi, na mtu wa namna hiyo akiwekwa mbele ya watu mia tatu na jina la mwenzake liko kwenye karatasi, ana njia moja tu ya kutokea. Alimgeukia Tia, akaweka mkono kifuani, na kwa ile sauti ya kengele akasema:

"Tafadhali, ndugu yangu. Nafasi ni yako."

Kila mtu mle ndani alijua kinachofuata. Tia angesema, haiwezekani, wewe kwanza. Zarif angesema, nakuapia. Tia angesema, mbele yako mimi ni nani? Mara ya tatu, Zarif angeinuka kwa masikitiko, akahubiri saa nzima.

Tia akasema, "Asante sana." Akainuka, akapanda.

"Haya! Amekwenda!" Mama alisema, kwa sauti ambayo aliamini ni ya chini. Upande wote wa wanawake ulitikisika.

Akafungua daftari lake jekundu, lakini kabla ya kusoma alitazama juu.

"Ndugu zangu, tuliambiwa paa lenu linavuja. Tumeliombea miezi minne. Nimekuja nikaliona, ni kavu, halina ufa. Nitarudi niwaambie Mama Nalu na wenzake kwamba Mungu amejibu upesi kuliko tulivyotegemea."

Watu walicheka, kicheko cha sikukuu. Kisha mmoja mmoja wakaacha, kila aliyeelewa akimgeukia jirani yake. Mabega ya Baba yalikuwa yanatikisika, na kutoka nilipokaa sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nilimwuliza miaka mingi baadaye. Akasema, "Vyote, binti yangu. Na aibu juu."

Tia akazisoma sentensi zote. Nyingine zilikuwa neno moja. Mvuvi mmoja alisema, *Yesu alipika samaki mwenyewe, msitume mtu.* Mtoto alisema, *Mna tembo?* Bibi mmoja alisema, *Niliwazika wanne njiani, na bado ni asubuhi.* Daktari Zarif alitoa leso yake ya hariri mapema, wala hakuirudisha mfukoni.

Kesho yake, Shamu Nasimu, sikukuu ya machipuko, tulikwenda mtoni na vitunguu vibichi na samaki wetu wa chumvi, yule anayenuka mpaka paka huomba ruhusa. Wageni wote humkimbia. Tia alikula wawili, akauliza kama kuna wa tatu, na Mama akatangaza kwamba huyu si mgeni, huyu alipotea tu udogoni. Hilo ndilo nalikumbuka zaidi kuliko mahubiri: Baba amekaa majanini miguu ndani ya maji, anamwuliza Tia, "Enhe, na wewe huwa unahubirije?" Na Tia anajibu. Na Baba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, ananyamaza na kusikiliza mpaka jua likawa juu ya mitende.

Jumanne tulimpandisha garimoshi. Jumatano nilipeleka ombi barazani: nipewe barua ya utambulisho, kanisa linitume Omdurman mwezi wa kumi, nikae.

Nitasema sasa hivi kwamba nilikwenda, ili asiwepo wa kunihurumia. Nilikwenda bila barua ya baraza. Nilikuwa na barua ya kikundi cha wanawake, aliyoisema Mama nikaichapa mimi, chini ina alama za vidole gumba ishirini na sita, nyingine za samli. Mama Nalu alinipokea kituoni, akanikalisha kwenye kigoda chake, akasema, "Umechelewa, chai imepoa," akanimiminia nyingine. Nilikaa miaka miwili kabla ya kumfundisha mtu chochote. Tangu hapo nimeunganisha wachungaji wa kule na makanisa ya huku, na ya nchi nyingine saba, na kila timu ninayoiongoza huambiwa jambo moja kabla ya kupanda gari: usiseme karibu kama hujatandika kitanda. Baba alitandika. Mpaka alipokufa, chumba cha mbele kiliitwa cha Sudani, na Tia alilala humo mara tisa.

Lakini Alhamisi, baraza liliponiita, hayo yote sikuyajua. Nilijua tu kwamba barua niliyoitaka ilikuwa mezani mbele ya Mzee Bushra, imeandikwa tayari, na mhuri uko kando yake.

"Tutapiga mhuri," alisema. "Hatuna kinyongo. Ila uliibadilisha ratiba ya baraza, ulimwaibisha Daktari Zarif, ulituaibisha sisi. Andika mstari mmoja wa kuomba radhi. Mmoja tu, uingie faili."

"Daktari Zarif ameomba nakala ya lile daftari," nikasema. "Ameaibika wapi huyo?"

"Insaf!"

Baba alikuwa amekaa mwisho wa meza. Aliongea kwa upole, kama alivyokuwa akinibembeleza ninywe dawa.

"Binti yangu, sema tu. Wewe unataka kwenda, na mimi nataka uende. Hata kama moyoni hulimaanishi, sema. Ni adabu tu."

 Nilimpenda sana saa ile, na bado nampenda, yeye na sabuni yake ya shavu moja. Aliposikia alichokisema alishusha macho.

"Hapana, Baba. Mashua imekwisha kutia nanga," nikasema. "Wazee, tulimwahidi mtu mimbari, nami nikaichapa ahadi yenu kama mlivyoitamka. Barua yenu bakini nayo. Siombi radhi."